Viazi vya Mwaka 1947

Mwaka 1947 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo makao yake makuu yako Salt Lake City, Marekani, lilitimiza waumini 1,000,000. Mwaka uo huo waumini wa Uholanzi walipanda viazi wapate chakula. Nchi yao ilikuwa imetawaliwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1940 hata 1945, na watu maelfu walikufa kwa njaa. Kisha waliombwa wawapelekee viazi vile ndugu zao wa imani katika Ujerumani, waliokuwa na njaa. Haikuwa rahisi, lakini walikubali. Mwezi wa Novemba tani zipatazo 70 zikavuka mpaka. Kuhesabu waumini ni kazi ya karani. Kumlisha adui wa jana ni kazi ya moyo.