Kauri za Kalocsa na Mikono Iliyozichora

Mkusanyaji wa vyombo vya kale ashikapo sahani, huigeuza kwanza atazame kitako, kwani huko ndiko chapa ya kiwanda iliko. Katika kauri za Hungaria, chapa ya Herend, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1826, yatosha kupandisha bei. Malkia Victoria wa Uingereza aliagiza vyombo vyake katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, na sifa hiyo haijafifia. Lakini sisi twapenda kuzungumzia kauri zenye maua ya wanavijiji, hasa zile za Kalocsa, mji ulio karibu na mto Danube.

Maua hayo hayakuanzia kwenye kauri. Tangu karne ya 19 wanawake wa huko walichora maua juu ya vitambaa ili wenzao wayafuate kwa sindano na nyuzi. Bingwa wa kuchora aliitwa kwa Kihungaria íróasszony, yaani mwanamke mwandishi, ingawa alichoandika si herufi bali maua. Wengine walipamba kuta za nyumba kwa burashi. Katika karne ya 20 maua hayo, waridi na tulipu, pamoja na pilipili nyekundu iliyoupa mji huo umaarufu, yalihamia kwenye sahani na vikombe.

Mchoraji hupaka rangi juu ya kauri iliyokwisha kung'arishwa, kisha chombo hurudishwa tanurini kwa moto ulio mdogo kuliko wa kwanza. Ndiyo sababu kidole kikipita juu ya ua mara nyingi huhisi mwinuko mwembamba. Kitakoni huenda pakaandikwa kézzel festett, maana yake "kimechorwa kwa mkono". Hata hivyo, mkusanyaji mwangalifu hulinganisha ua na ua: mchoro uliobandikwa hujirudia sawasawa, bali mkono haurudii kamwe.

Kwa bahati mbaya, chapa ya kiwanda hudumu, na jina la aliyechora mara nyingi halipo. Bei hufuata chapa, ilhali uzuri ulitoka mkononi. Sisi walimu wa Kiswahili, ambao lugha yetu huandika barua na huandika meza vilevile, hatuna budi kumtambua mwanamke huyo kuwa ni mwandishi. Basi tugeuzapo sahani, tusome kitako. Kisha tuigeuze tena, tusome maua.