Kabati Lililofukuzwa Chini ya Sinki

Barua niliyoichagua juma hili imetoka kwa bwana mmoja wa hapa hapa jijini Dar es Salaam. Anakarabati nyumba aliyoachiwa na wazazi wake, na bafu anataka libaki na sura ya zamani: vigae vyeupe na vyeusi sakafuni, kioo cha duara ukutani, koki za shaba. Yote yamekubaliwa isipokuwa sinki la kunawia. Mkewe anataka sinki jeupe linalosimama juu ya mguu wake wa kauri. Fundi anashauri sinki lililozamishwa katika kabati la mbao lenye nakshi, eti ndiyo ya kizamani zaidi, na tena inaficha mabomba. Bwana anauliza nani kati yao yuko sahihi.

Kihistoria wote wawili wako sahihi, kwa maana kabati lilitangulia na mguu ukafuata. Lakini mguu haukuletwa na urembo. Uliletwa na hofu ya kifo, na kabati likafukuzwa bafuni kama mwizi aliyekamatwa na vithibitisho. Kesi hiyo inafaa kusimuliwa kabla mtu hajatoa fedha yake dukani.

Kabla ya maji ya bomba, mtu mwenye uwezo kule Uingereza au Marekani alinawa chumbani kwake. Palikuwa na meza ndogo, juu yake beseni na jagi la kauri, na mtumishi ndiye aliyepandisha maji asubuhi na kushusha machafu. Karne ya 19 ilipofika katikati, mabomba yakaanza kupanda ghorofani katika nyumba za matajiri. Maseremala wakafanya kile walichokijua: wakaichukua meza ile ile, wakaizungushia mbao, wakaweka juu yake bamba la marumaru lenye tundu, na beseni likazamishwa humo. Mabomba yakabaki gizani, nyuma ya mlango wa kabati. Ilikuwa samani nzuri kweli kweli. Ukiziona picha zake utaelewa kwa nini fundi wetu amezipenda.

Humo gizani bomba likivuja nani atajua? Mbao inalowa, inaoza, wadudu wanaweka makazi, na harufu inatoka taratibu hata wenye nyumba wanaizoea.

Mwaka 1871 mtoto wa mfalme, maana yake mrithi wa kiti cha Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alikwenda kulala kama mgeni katika jumba moja la fahari pale Scarborough. Aliporudi akashikwa na homa ya matumbo. Mgeni mwenziwe, Earl wa Chesterfield, akafa. Mtumishi wa farasi wa mrithi naye akafa. Mrithi mwenyewe alifika mlango wa kaburi mwezi Desemba, na nchi nzima ikawa inasubiri taarifa za madaktari, kwa kuwa baba yake, Prince Albert, alikuwa amefariki mwezi huo huo miaka kumi nyuma, na madaktari waliutaja ugonjwa huo huo. Safari hii mgonjwa akapona. Lakini kidole kilikuwa kimekwisha kunyooshwa: mabomba na mitaro ya lile jumba.

Tangu hapo hofu ikaingia majumbani. Kama mtoto wa malkia hasalimiki bafuni, mwenye duka atasalimika vipi? Madaktari na mafundi wakahubiri kwamba hewa inayopanda kutoka mitaroni ndiyo inayoua. Ukweli ni kwamba sababu waliikosea. Homa ya matumbo huletwa na kijidudu ambacho Mjerumani Karl Joseph Eberth alikiona mwaka 1880, nacho huingia kwa chakula na maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Hata hivyo dawa waliyoiandika ilisaidia. Walisema ondoeni mbao, acheni mabomba yaonekane, ili yakivuja mwenye nyumba ajue siku hiyo hiyo na kitambaa kifike kila pembe. Sinki likawekwa juu ya vyuma vya ukutani, au juu ya miguu ya chuma, na baadaye juu ya mguu mmoja wa kauri. Likawa jeupe, kwa sababu juu ya weupe uchafu hauna pa kujificha. Hiyo ndiyo sura ambayo leo tunaiita ya kizamani na kuilipia fedha nyingi. Wakati wake ilikuwa sura ya hospitali.

Na hospitali nayo ilikuwa na somo lake. Mwaka 1847, pale Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wenzake waliotoka kupasua maiti wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Aprili ya mwaka huo, katika wodi yake, karibu wazazi 18 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Miezi michache baadaye vifo vilishuka hadi kama wawili kati ya 100. Wenzake wengi walimpuuza, akafa mwaka 1865 bila kuheshimiwa. Alichohitaji ni beseni, maji ya dawa na madaktari wenye kukubali kwamba mikono yao inaweza kuwa michafu. Hilo la tatu ndilo lililokuwa gumu.

Msije mkadhani haya ni ya Ulaya tu. Miaka ile ile, mwaka 1869 na 1870, kipindupindu kiliipiga Zanzibar vibaya sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alikifuatilia njia zake na akaandika kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1876. Seyyid Barghash alikalia kiti mwaka huo wa 1870. Huyu aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, akauona mji mkubwa unavyoendeshwa. Enzi yake ndipo maji ya chemchemi yalipoletwa kwa bomba hadi Mji Mkongwe, na ndipo yalipojengwa mabafu ya umma yaliyoupa mtaa wa Hamamni jina lake.

Lakini hata kabla ya bomba, mwambao haukuwa mchafu. Katika nyumba za kale za mawe kule Lamu, bafu lilikuwa na birika la kujengwa, na ndani ya birika walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa liliwekwa bakuli la kauri kutoka China, ili maji yakipungua samaki wapate pa kujihifadhi. Mtu hakutia mikono ndani ya birika. Alichota kwa kata, akajimiminia pembeni, na maji yaliyotumika yakaenda zake.

Tofauti hiyo ya kunawa ndiyo inayoeleza jambo linalowashangaza wengi wanaofika Uingereza: sinki moja, koki mbili zilizoachana, moja inaunguza na nyingine inagandisha. Sababu moja ni kwamba maji baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba kuu, na ya moto yalipitia tangi la darini, ambamo ndege au panya angeweza kutumbukia. Kanuni zikakataza yasichanganyike ndani ya bomba. Sababu ya pili ni mazoea ya lile beseni la mezani. Mwingereza alitia kizibo, akajaza sinki, akachanganya humo, akanawa katika maji yaliyotuama. Wa mwambao angekuuliza, unajisuuza kwa uchafu ulioutoa mwenyewe? Huku kwetu masinki ya koki mbili yalikuja na wakoloni, na katika nyumba nyingi ile koki yenye alama ya moto haijapata kutoa moto tangu ifungwe.

Sasa nirudi kwa mwandishi wa barua. Bwana, mfuate mkeo. Kabati la fundi ni zuri, ila unarudisha mtu aliyekwisha kuhukumiwa, tena katika mji wenye joto na unyevu kama huu wetu. Mbao ngumu huenda ikavumilia. Mbao za kusagwa zinazouzwa leo zikilowa zinavimba kama andazi, na mende watahamia kabla rangi haijakauka. Ni kweli kwamba kabati lilirudi bafuni huko Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipotaka pa kuweka sabuni na taulo. Kama nawe unataka pa kuweka taulo, weka rafu ukutani.

Ukienda kununua, angalia mambo ambayo muuzaji hatakutajia. Masinki ya zamani yalifungwa chini, mara nyingi chini ya sentimita 80 kutoka sakafuni. Mtu mrefu ataumia mgongo kila anapopiga mswaki. Mguu wa kauri usiubebeshe mzigo wote, sinki lishikwe ukutani kwa skrubu madhubuti. Ukilipata lililotolewa katika nyumba iliyovunjwa, ligonge kwa kifundo cha kidole: zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Pitisha mkono ndani. Likikwaruza, ung'avu umekwisha, na uchafu utalishika daima hata ukilisugua asubuhi na jioni.

Koki usinunue kuukuu. Shaba ya zamani ilichanganywa na risasi, madini yale yanayodhuru akili za watoto. Huko Marekani, hata baada ya sheria ya mwaka 1986, koki iliruhusiwa kuwa na risasi hadi asilimia 8 na bado ikaitwa haina risasi. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 0.25 mwaka 2014. Basi nunua koki mpya yenye umbo la zamani, na moja inakutosha. Tundu la pili lizibe kwa kifuniko. Chagua ile ya mpira ndani, ambayo fundi wa mtaani ataitengeneza kwa dakika tano.

Limebaki jambo moja, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko umbo lote la sinki. Chini ya kila sinki bomba linajipinda, na katika kona hiyo maji hubaki. Watu wengine hudhani ni makosa ya fundi. Kumbe kona hiyo ni mlango. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa London, aliipatia hataza mwaka 1775 kwa ajili ya choo chake, na maji yale machache ndiyo yanayozuia hewa ya mtaroni isipande chumbani.

Mwaka 2003, ugonjwa wa SARS ulipoingia Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliugua katika maghorofa ya Amoy Gardens. Wachunguzi walikuta kwamba kona za mabomba ya sakafuni mwa mabafu zilikuwa zimekauka, kwa kuwa wakazi walipiga deki tu bila kumwaga maji. Feni za bafuni zikavuta hewa ya mtaroni, na maradhi yakaja nayo. Wale mafundi wa enzi ya Victoria waliochekwa kwa kuogopa hewa ya mabomba walipata utetezi kidogo, miaka zaidi ya 130 baadaye.

Wakati wa mgao wa maji wa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua, wengi wetu tulirudi kwenye ndoo na kopo, na masinki yakageuka mahali pa kuwekea miswaki. Siku kama hizo kona hukauka, hasa katika bafu la wageni lisilotumiwa. Maji ya kikombe kimoja kila wiki yanatosha kuifunga tena. Ukisafiri kwa muda mrefu, mimina na kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta yatatanda, na maji yaliyo chini yake yatachelewa kukauka.