Visiwa vya mukuba

Wapendwa wa promosheni zote, leo tuongee juu ya visiwa. Najua Kolwezi haina bahari, lakini visiwa tunavyo: ni vile vilima vya shaba visivyo na miti. Pori la muyombo linavizunguka kama maji, likifika mteremkoni linasimama, kwa sababu mizizi ya miti haivumilii mukuba mwingi. Kule juu udongo ni mwembamba, mawe matupu, na kiangazi kinaukausha kabisa.

Kumbe kuna mimea iliyozoea maisha hayo. Mmoja ni Euphorbia cupricola, wa jamii ya mimea minene inayotunza maji mwilini. Ukiukata, unatoa utomvu mweupe kama maziwa. Cupricola kwa Kilatini ni "mkaaji wa shaba". Mimea kama 30 haioti pengine popote duniani, ni kwenye vilima vyetu tu.

Bankambo walijua kuvisoma vilima hivi. Wakati wa kiangazi walichimba jiwe la kijani, wakaliyeyusha kwa makaa ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu, wakatoa misalaba ya shaba. Jules Cornet alipofika Katanga 1892, mashimo yao yalikuwepo tayari. Union Minière ilikuja baadaye, 1906.

Tena, pale walipoyeyusha, udongo ulibaki na shaba, na ua la Haumaniastrum katangense likaota hapo, hata mbali na kilima. Wanaarkiolojia walilifuata ua hilo, wakachimba chini yake, wakakuta mabaki ya tanuru.

Ndiyo maana nasema, kilima kikigeuka shimo tunapoteza mara mbili: mmea wenyewe na ukurasa wa historia yetu. Kule Tenke na Fungurume mimea na udongo wake vimehamishwa kabla ya kuchimba. Ni kazi nzuri. Lakini ua likihamishwa halionyeshi tena mkambo aliweka tanuru wapi.

Kwangu mimi, kabla ya mashine kupanda kilima, mtu wa mimea na mtu wa historia watangulie kukitembea pamoja, waandike kila kitu. Siye tunao wote wawili humu ndani, pamoja na wajeolojia. Tuanze na vilima ambavyo bado vimesimama. Na mwenye picha ya zamani ya kilima cha kwao, kabla hakijachimbwa, aitoe kwenye sanduku, atuonyeshe.