Uswidi: Mahubiri, Vipeperushi na Sheria ya Uchochezi

Kosa la uchochezi dhidi ya kundi la watu liliingizwa katika sheria za Uswidi mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili vilikuwa vimekwisha, lakini Einar Åberg wa Stockholm aliendelea kusambaza maandishi ya chuki dhidi ya Wayahudi. Nchi iliyotunga sheria ya uhuru wa uchapishaji tangu 1766 haikuona wepesi kumnyamazisha mtu, hivyo kinga ilihusu asili na imani tu. Mashoga waliongezwa baadaye sana, kuanzia Januari 1, 2003.

Miezi michache tu ikapita. Julai 2003, mchungaji wa Kipentekoste Åke Green alihubiri huko Borgholm, katika kisiwa cha Öland, akafananisha upotofu wa kijinsia, ushoga ukiwemo, na uvimbe wa saratani katika mwili wa jamii nzima. Mahakama ya wilaya ya Kalmar ilimhukumu kifungo cha mwezi mmoja. Mahakama ya rufaa ikamwachia, na Novemba 29, 2005 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo kwa hoja inayostahili kusomwa kwa makini. Kwa sheria ya Uswidi peke yake, walisema majaji, Green alikuwa na hatia. Ila Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, uliokuwa sheria ya nchi tangu 1995, unalinda dini na kauli, na yamkini Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg isingeikubali adhabu hiyo.

Waliodhani sheria imekufa walikosea. Desemba 2004, vijana kadhaa waliingia katika shule ya sekondari bila ruhusa, wakaacha vipeperushi takriban 100 ndani na juu ya makabati ya wanafunzi. Viliwabebesha mashoga lawama ya kuenea kwa UKIMWI. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliwatia hatiani kwa kura 3 dhidi ya 2.

Tofauti haikuwa ukali wa maneno pekee. Waumini walikwenda kanisani kwa hiari yao kumsikiliza mchungaji akifafanua Biblia. Wanafunzi, wakiwa katika umri wa kuyumbishwa kirahisi, hawakupewa nafasi ya kukataa. Kuzitenganisha hali hizo mbili kulikuwa uamuzi wa haki. Februari 9, 2012, majaji wote 7 wa Strasbourg waliamua kwamba Uswidi haikuvunja uhuru wa kujieleza wa vijana hao.