Beetle ya zamani: kabla ya muziki, cheki umeme kwanza

Wadau, mtu akipata Volkswagen Beetle ya zamani, cha kwanza anawaza redio ya nguvu na chaja ya simu. Ngoja kwanza!

Beetle nyingi za kabla ya 1967 zinatumia umeme wa volti 6, wakati redio na chaja za leo zinataka volti 12. Dainamo yake inatoa wati 180 hivi, na taa kubwa za mbele peke yake zinakula karibu nusu. Ukilazimisha, betri inakufa. Nyaya kuukuu zikichemka, gari linaweza kuwaka moto ukiwa ndani.

Mpangilio ni huu:

1. Badili nyaya na fyuzi.
2. Hamia volti 12: betri, alteneta, balbu zote na mota ya waipa.
3. Breki nzuri, na mikanda inayopita begani.
4. Hapo sasa funga muziki wako.

Vifaa ulivyovitoa usitupe. Beetle ya mwisho ya umbo lile ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na wanunuzi wengi wanapenda gari lenye vifaa vyake vya asili.

Mliowahi kubadili, tupeni uzoefu hapo chini.