Chura Mbele ya Simba
Katika filamu zote za katuni zilizozaliwa Kongo, inayostahili tuzo kubwa kwa maoni yangu ni Le Crapaud chez ses beaux-parents, hadithi ya chura anayekwenda ukweni, aliyoitengeneza Jean-Michel Kibushi mwaka 1991. Kibushi ni mzaliwa wa Lubefu, Sankuru, na ngano aliyoichora ni ya Watetela. Msomaji wa Kasongo atauliza inamhusu nini. Inamhusu sana. Watetela na Wakusu wa Maniema ni uzao mmoja wa kundi la Anamongo, na kilichowatenganisha kilipita hapa hapa Kasongo. Wakusu waliingia katika Uswahili wa mfanyabiashara Tippu Tip, wakachukua lugha na kanzu, na wengi wakasilimu. Kamanda wa Wabelgiji, Dhanis, alipouteka mji Aprili 1893, Wabelgiji walikuja kuchora mipaka juu ya tofauti hiyo: wa huku wakahesabiwa Kivu, wa kule Kasai. Ngano hazikugawanywa hivyo.

Kuna watakaosema haki ya kwanza ni ya Mboloko, yule paa mdogo mjanja wa msituni, ambaye wamisionari wa Kibelgiji walimchora katika filamu fupi miaka ya 1950, miongo kadhaa kabla ya filamu ya Kibushi. Kutangulia huko sikukatai. Ila Mboloko alichorwa wakati utawala ulipoamua sinema ipi Mwafrika aruhusiwe kutazama, na mnyama wa ngano zetu akafanywa mwalimu wa mafunzo ya wengine. Kumtuza yeye ni kumtuza padri. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kazi ya Kibushi ni ya dakika chache, tena ya fedha kidogo, itasimamaje mbele ya The Lion King ya 1994? Basi tutazame tuzo zenyewe. Oscar ya katuni fupi imekuwa ikitolewa tangu mwaka 1932. Ya katuni ndefu haikuwepo hadi 2002, kwa hiyo hata huyo Simba alituzwa kwa muziki tu. Ufupi haujawahi kuwa kosa. Na Simba, pamoja na fahari yake, alikopa Kiswahili chetu, jina lake na hakuna matata, huku hadithi yake ikiwa karibu zaidi na Hamlet ya Shakespeare kuliko ngano yoyote ya Maniema. Chura ana jina la Kifaransa, lakini uzito wa safari ya ukweni unaeleweka kuanzia Lubefu hadi Kabambare.