Sanduku Lenye Kufuli Nne

Wengi wetu tunamkumbuka Martin Luther kwa hoja 95 za mwaka 1517. Wachache wanajua kwamba mwaka 1523 aliandika utangulizi wa kanuni za sanduku la fedha. Lilikuwa sanduku la usharika wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, Ujerumani.

Siku hizo mzee asiye na nguvu wala ndugu aliishi kwa kuombaomba, na aliyempa sarafu aliamini amejipatia thawabu mbinguni. Washarika wa Leisnig walipiga marufuku kuombaomba. Badala yake waliamua mapato ya kanisa, sadaka na wasia viwekwe katika sanduku moja lenye kufuli nne. Ufunguo mmoja ulishikwa na makabaila, mwingine na baraza la mji, wa tatu na wenyeji wa mjini, wa nne na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Fedha hizo zililenga kulipa mchungaji na walimu, kulea yatima, na kutunza wazee na wagonjwa wasioweza kufanya kazi. Maskini wangesaidiwa wakiwa majumbani mwao. Sanduku hilohilo lingekopesha mafundi mtaji na kununua nafaka ya akiba kwa mwaka wa njaa. Utunzaji wa mzee na uchumi wa mji viliwekwa katika hesabu moja.

Mpango ulipata vikwazo. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali za kanisa zilizokuwa mikononi mwake. Kufuli nne hazitoshi pasipo moyo wa kutoa.

Kwetu mzee hutunzwa nyumbani, na tunamshukuru Mungu. Lakini anayemwogesha, anayemgeuza kitandani na kumpa dawa kwa saa zake mara nyingi ni binti aliyefunga genge lake, au mjukuu aliyeacha shamba. Kipato kinapungua wakati gharama za dawa zinapanda. Sisi tunafika, tunaomba, tunamsifu binti kwa uvumilivu wake, kisha tunaondoka.

Paulo alimwagiza Timotheo kwamba jamaa watunze wajane wao kwanza, na kanisa libebe wasio na mtu. Je, jamaa wakielemewa? Wapendwa, tunapopanga bajeti ya usharika, tuulize: mzee aliye kitandani, pamoja na yule anayemtunza, wameandikwa ukurasa gani?